Mipira Laini, Geji Mbili: Dhana Potofu Kuhusu Udanganyifu Katika NFL

Ukitaja New England Patriots, timu ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), mbele ya shabiki wa mchezo huo, haichukui muda kabla ya mtu kusema "hao si ndio waliotoa upepo?" Walidaiwa kupunguza upepo wa mipira yao ili ishikike kirahisi, maana kila timu huchezea mipira yake inaposhambulia. Kesi hiyo ilianza usiku wa tarehe 18 Januari 2015 huko Foxborough, Patriots walipoichapa Indianapolis Colts 45–7 na kutinga Super Bowl, fainali ya ligi. Ilimalizika Julai 2016, Tom Brady, kwotabeki wao (mchezaji anayerusha pasi), alipoacha kukata rufaa na kukubali adhabu. Mengi yanayosimuliwa kuihusu hadi leo ni yale yaliyotangazwa wiki ya kwanza, kabla ya vipimo kuonekana. Hapa tunaviangalia vipimo vyenyewe, kisha tunagusa kesi nyingine zinazosimuliwa vibaya.

Dhana: Mipira 11 kati ya 12 ilipungua kwa paundi 2

Kanuni inataka mpira uwe na presha ya paundi 12.5 hadi 13.5 kwa kila inchi ya mraba. Siku mbili baada ya mechi zilitoka habari kwamba mipira 11 ilikuwa chini ya kiwango hicho kwa paundi 2 nzima, na watu wakahukumu hapohapo.

Namba halisi zilitoka tarehe 6 Mei 2015, katika ripoti ya mwanasheria Ted Wells yenye kurasa 243. Wakati wa mapumziko waamuzi wawili waliipima mipira 11 ya Patriots, kila mmoja kwa geji yake (kifaa cha kupimia presha). Wastani wa geji moja ulikuwa 11.49, wa nyingine 11.11. Mpira uliofikia upungufu wa paundi 2 ulikuwa mmoja tu, tena kwa geji moja: ilisoma 10.50, na nyingine ikausoma mpira huohuo 10.90.

Ni kweli kwamba yote 11 ilikuwa chini ya 12.5. Lakini kupungua paundi 1 na kupungua paundi 2 si jambo moja, na hesabu inayofuata inaonyesha kwa nini. Ligi ilikuwa na namba hizi tangu usiku wa mechi, na iliacha habari ya uongo izunguke miezi mitatu na nusu bila kuisahihisha hadharani. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mtu akishaitwa mwizi kwa namba ya uongo, namba ya kweli ikija baadaye haimsafishi.

Dhana: Upepo haupungui wenyewe, lazima kuna mtu aliutoa

Dereva aliyewahi kupima tairi alfajiri ya baridi, akapima tena baada ya kwenda mwendo mrefu, anajua kwamba geji inapanda na kushuka bila mtu kugusa valvu. Hewa ikipoa, presha inashuka. Imeshuka kiasi gani, hesabu yake ni fupi.

Mipira ya Patriots ilipimwa ikiwa na 12.5 hivi ndani ya chumba cha waamuzi, kwenye joto la nyuzi 22 za Selsiasi hivi. Uwanjani kulikuwa na nyuzi 9 na mvua. Geji husoma ile presha inayozidi presha ya hewa inayotuzunguka, ambayo ni 14.7. Kwa hiyo kwanza ijumlishe: 12.5 + 14.7 = 27.2. Kisha geuza joto kuwa kelvini kwa kuongeza 273: ndani 295, nje 282. Zidisha 27.2 kwa 282, gawa kwa 295, unapata 26.0. Toa tena ile 14.7. Jibu ni 11.3.

Yaani mpira uliotoka chumbani ukiwa halali kabisa unafika mapumziko ukiwa na 11.3, na hakuna aliyeugusa. Wataalamu wa kampuni ya Exponent walioandika sehemu ya kisayansi ya ripoti ya Wells walipata matarajio ya 11.32 hadi 11.52, kutegemea joto la chumba.

Wengi waliofanya hesabu hii wiki ile waliikosea mahali pamoja: walisahau kujumlisha 14.7. Ukiiingiza 12.5 peke yake unapata 11.95, na unatoka ukidai baridi inaeleza nusu paundi tu, zilizobaki zimeibwa. Kosa hilo ni dogo, lakini linageuza jibu.

Dhana: Geji ni geji

Hapa ndipo penye kiini cha kesi nzima. Mwamuzi mkuu Walt Anderson alikuwa na geji mbili. Moja ilikuwa na nembo ya kampuni na sindano ndefu iliyopinda, nyingine haikuwa na nembo. Ile ya nembo ilisoma juu zaidi, kati ya paundi 0.3 na 0.45, kwa mpira uleule. Tofauti hiyo inatosha kugeuza hukumu.

Kabla ya mechi Anderson alipima mipira, lakini vipimo havikuandikwa. Alipoulizwa, alisema kumbukumbu yake bora ni kwamba alitumia geji yenye nembo. Ripoti ikaamua kwamba inaelekea zaidi alitumia ile isiyo na nembo. Sasa linganisha. Ikiwa alitumia ya nembo, wastani wa mapumziko wa kuangalia ni 11.49, ambao uko ndani ya matarajio ya 11.32 hadi 11.52. Ikiwa alitumia isiyo na nembo, wa kuangalia ni 11.11, ambao uko chini yake kwa robo paundi hivi. Adhabu ya mechi nne kwa Brady na dola milioni moja kwa klabu ilisimama, kwa upande wa vipimo, juu ya swali la mkono wa mwamuzi ulishika geji ipi.

Na si geji hizo mbili tu zilizoyumba. Mpira ambao D'Qwell Jackson wa Colts aliunasa katika robo ya pili ulipimwa peke yake, kwa geji ya tatu, mara tatu mfululizo. Majibu yaliandikwa kwenye kipande cha plasta kikabandikwa juu ya mpira: 11.45, 11.35, 11.75. Mpira mmoja, chumba kimoja, tofauti ya paundi 0.4. Anayejua kupima atakueleza sababu mojawapo ya namba kuyumba: sindano ikiingia upande au ikiwa kavu inakwaruza valvu, na kila inapoingia upepo kidogo unatoka. Ndiyo maana sindano hulowanishwa, huingizwa wima, na namba huandikwa papo hapo pamoja na saa na jina la geji. Usiku ule saa hazikuandikwa.

Dhana: Mipira ya Colts ilibaki sawa, kwa hiyo baridi haikuhusika

Mipira ya Colts iliyopimwa ilikuwa minne tu, kwa sababu muda wa mapumziko uliisha. Ilianza mechi ikiwa na 13.0 au zaidi kidogo, si 12.5. Na kwa geji moja, mitatu kati ya hiyo minne nayo ilikuwa chini ya kiwango: 12.35, 12.30 na 12.15.

Ni kweli ilishuka kidogo kuliko ya Patriots, na Exponent walisema tofauti hiyo haielezeki yote kwa hali ya hewa. Lakini mpira ukiingizwa chumbani kutoka kwenye baridi huanza kupata joto dakika ileile, na presha yake hupanda. Ya Patriots ilipimwa kwanza. Ya Colts ilipimwa baadaye, ikiwa imeshaota joto la chumba. Mpira uliolowa nao hupata joto polepole kuliko mkavu. Bila saa ya kila kipimo, huwezi kutenganisha mkono wa mtu na kazi ya hita, na wanasayansi kadhaa waliopitia ripoti walisema hivyo waziwazi.

Dhana: Mpira laini ndio uliowapa ushindi

Mapumziko yalifika 17–7. Mipira ikajazwa upya hadi kiwango halali. Kipindi cha pili Patriots wakaongeza pointi 28, Colts sifuri. Brady alikamilisha pasi 11 kati ya 21 kwa mipira "laini" na 12 kati ya 14 kwa iliyojazwa. Wapo pia wanaosema mpira uliopungua upepo ni mwepesi. Mpira wa NFL una uzito wa gramu 397 hadi 425, na hewa ya paundi moja na nusu haifiki hata gramu moja. Kinachobadilika ni jinsi unavyoshikika kwa vidole, hasa ukiwa umelowa.

Dhana: Mahakama ilithibitisha kwamba Brady alidanganya

Hakuna mahakama iliyopima mipira wala kuamua kama ilitolewa upepo. Jaji Richard Berman alifuta adhabu Septemba 2015 kwa kasoro za utaratibu. Mahakama ya rufaa ikairudisha Aprili 2016 kwa kura 2 dhidi ya 1, ikisema mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji unampa kamishna Roger Goodell mamlaka ya kuadhibu. Swali lilikuwa mamlaka ya kamishna.

Haki inataka upande wa pili usemwe pia. Mhudumu wa timu aliyebeba mifuko ya mipira aliingia nayo msalani bila idhini, akakaa sekunde 100 hivi. Kulikuwa na ujumbe wa simu wa mwaka 2014 ambamo mhudumu huyo alijiita "mtoa upepo". Simu ya Brady iliharibiwa wakati uchunguzi ukiendelea. Hayo yanatia shaka kwa haki kabisa, na ndiyo yaliyoifanya ripoti iseme kwamba "inaelekea zaidi kuliko kutoelekea" kuwa wahudumu walitoa upepo na kwamba Brady alikuwa na habari kwa jumla. Lakini huo ni ushahidi wa mwenendo, na wengi wanaouamini wanadhani unaungwa mkono na vipimo. Vipimo havifiki huko. Klabu yenyewe ilitozwa dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza mwaka 2016 na ya nne mwaka 2017.

Dhana: Kuuandaa mpira kabla ya mechi ni kuuchezea

Mpira mpya wa Wilson, ambao kwa kweli ni wa ngozi ya ng'ombe wala si ya nguruwe kama jina lake la utani, "pigskin", linavyodai, unateleza kwa nta ya kiwandani. Wahudumu wa timu huusugua kwa brashi na kitambaa chenye unyevu, huupaka mafuta ya ngozi na kuuacha ukauke, hadi uso wake ushike vidole. Yote hayo yanaruhusiwa. Tangu 2006 hata timu mgeni huja na mipira yake, baada ya Brady na Peyton Manning kuiomba ligi. Mipira ya mateke ni tofauti: ina alama ya K, na kwa miaka mingi ilisimamiwa na watu wa ligi.

Mwiko ni kuugusa baada ya mwamuzi kuupitisha. Novemba 2014, katika mechi ya Vikings na Panthers yenye baridi kali, wahudumu walionekana wakiipasha moto mipira pembeni mwa uwanja. Kanuni inakataza, na walipewa onyo tu. Kwotabeki Brad Johnson alikuja kukiri kwamba alilipa dola 7,500 ili mipira ya Super Bowl ya Januari 2003 isuguliwe mapema. Ukiziweka kesi hizo kando ya ile ya 2015, unaona adhabu haikuwa na kipimo kimoja.

Dhana: Patriots walirekodi mazoezi ya Rams

Hili huchanganywa na kesi ya kamera. Septemba 2007 mfanyakazi wa Patriots alikamatwa akirekodi ishara za makocha wa Jets akiwa pembeni mwa uwanja. Kutazama ishara za mpinzani na kuzisoma ni halali. Kilichokatazwa, na waraka wa ligi wa Septemba 2006 ulikitaja, ni kuweka kamera pembeni mwa uwanja na sehemu nyingine ambazo wafanyakazi wa klabu hufika wakati wa mechi. Kocha Bill Belichick alitozwa dola 500,000, klabu 250,000, pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza.

Madai kwamba walirekodi mazoezi ya Rams, wapinzani wao, kabla ya Super Bowl ya 2002 yalichapishwa na gazeti la Boston Herald Februari 2008. Mei mwaka huohuo gazeti lilikiri halikuwa sahihi na kuomba radhi. Madai yanarudiwa kila mwaka, radhi haikumbukwi.

Dhana: Gundi ya mikononi ni hadithi za zamani tu

Ilikuwa kweli: wachezaji waliipaka mikononi ili mpira usiwaponyoke, na kwa miaka ilikuwa halali, hadi ligi ilipoipiga marufuku mwaka 1981. Leo glavu za kisasa zinazonata zinaruhusiwa zikiwa na alama ya kuidhinishwa. Mwaka 2012 San Diego Chargers walishutumiwa kutumia taulo zenye kitu cha kunata. Uchunguzi haukuona kosa hilo, na faini yao ya dola 20,000 ilitokana na kutozikabidhi taulo mara moja walipoagizwa.

Dhana: Tangu 2015 hakuna kilichobadilika

Kilibadilika kile hasa kilichokosekana usiku ule wa Foxborough. Kila timu sasa huleta mipira 24, yaani 12 ya kuchezea na 12 ya akiba. Waamuzi wawili huipima, huipa namba, na presha ya kila mmoja huandikwa. Katika mechi zilizochaguliwa bila taarifa, mipira ilipimwa tena wakati wa mapumziko na mwisho wa mchezo. Msimu mzima wa 2015, kwenye joto na kwenye theluji, ligi ilikusanya namba zilezile ambazo zingeonyesha mpira usioguswa unapungua kiasi gani. Haijawahi kuzichapisha.