Anza na miguu ya ndege

Watu huniuliza nitajuaje kama mchoraji wa karne ya 18 alimwona ndege akiwa hai. Jibu langu ni moja: anza na miguu, kisha jicho. Wachoraji wengi wa Ulaya wakati ule walichora kwa kutazama ngozi kavu zilizosafiri baharini miezi kadhaa. Manyoya hayapotezi rangi upesi, ila jicho, mdomo na miguu hufifia mara ndege akishakauka. Hapo mchoraji hubahatisha. Ndege wa peponi wa New Guinea walifika Ulaya wakiwa wamekatwa miguu, na mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeviainisha viumbe, akampa mmoja wao jina la apoda, yaani asiye na miguu!

Ndiyo maana naithamini sana michoro ya Calcutta, jiji la India ambalo leo huitwa Kolkata. Mary Impey, mke wa Mwingereza Elijah Impey, Jaji Mkuu huko, alifuga ndege na wanyama nyumbani kwake, na kuanzia mwaka 1777 aliwaajiri wachoraji watatu kutoka Patna, mji mwingine wa India: Shaikh Zain ud-Din, Bhawani Das na Ram Das. Kwa miaka mitano hivi walitoa michoro 326, na 197 kati yake ni ya ndege.

Chukua ule wa Zain ud-Din wa kambu, ndege mwenye mabawa ya buluu, aliyetua kwenye tawi la msandali. Sogeza uso karibu. Ile buluu ya bawa haikupakwa kwa mkupuo. Ni mistari myembamba kama uzi wa buibui, mmoja kando ya mwenzake, ya burashi yenye ncha kali. Huo ni mkono uliofunzwa kwa mtindo wa Kimughal, yaani wa wafalme wa Kiislamu waliotawala India, ambako picha ndogo ya kitabuni ilizungushiwa hashia yenye nakshi. Hapa hashia haipo. Ndege yuko peke yake kwenye karatasi nyeupe kubwa iliyotoka Uingereza, kama wataalamu wa viumbe wa Ulaya walivyotaka, na mara nyingi kwa ukubwa wake halisi pale karatasi iliporuhusu. Kwangu mimi, mkutano huo wa mitindo miwili ndio uliozaa kazi bora kuliko nyingi zilizochorwa London miaka hiyo.

Michoro hiyo ilipigwa mnada London mwaka 1810. Kabla ya hapo, mwaka 1790, John Latham, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alikuwa ameshampa ndege mmoja wa Himalaya, wa jamii ya kuku, jina la kisayansi lenye ukoo wa Impey ndani yake. Wachoraji hawamo.

Lakini kwenye karatasi wamo. Chini ya mchoro pameandikwa kwa Kiajemi, lugha iliyotupa hata neno letu “rangi”, na kwa Kiingereza pia: amechora Zain ud-Din, mwenyeji wa Patna. Nikiona nakala iliyokatwa kingo ili ndege ajae kwenye fremu, huitafuta ile nzima, maana jina la mchoraji liko kwenye kile kipande kilichokatwa.