Anuwai ya reptilia katika nyasi za milimani ina maana gani?

Wengi wakisikia anuwai ya reptilia hufikiria idadi: penye aina nyingi za nyoka, mijusi na vinyonga ndipo penye utajiri. Katika nyasi za asili za milimani kipimo hicho hupotosha. Reptilia hupata joto la mwili kutoka juani, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo aina zinavyopungua. Utajiri wa kule juu ni upekee wa hao wachache walioweza kuishi huko.

Mfano mzuri ni nyoka mdogo wa jamii ya moma, Montatheris hindii, ambaye mara nyingi hafiki hata sentimita 30. Anapatikana Kenya tu, kwenye milima ya Aberdare, yaani Nyandarua, na Mlima Kenya, takriban mita 2,700 hadi 3,800 juu ya usawa wa bahari. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, haina spishi nyingine yoyote. Usiku wa baridi kali hujibanza ndani ya nyasi zinazoota kwa mafungu mazito. Jua likichomoza hutoka kuliota na kuwinda vinyonga, mijusi na vyura wadogo. Tena hatagi mayai, huzaa. Kinyonga wa Mlima Kenya, Trioceros schubotzi, naye huzaa. Mayai yaliyofukiwa katika udongo ule wa baridi yangekawia mno kukua, ilhali mama mwenye mimba hubeba watoto wake akifuata jua popote lilipo.

Kwa hiyo kuwahifadhi ni kuhifadhi mafungu yenyewe ya nyasi. Moto wa mara kwa mara na mifugo kupita kiasi huyamaliza. Hata kupanda miti, jambo tunalolisifu sana, hapa huharibu, kwani kivuli chake huwanyima reptilia jua. Nyasi hizi si msitu uliokatwa. Ndivyo zilivyo tangu asili.

Vilele vya Mlima Kenya vimo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1949, na Aberdare tangu 1950. Uwanda wa Kinangop, ulio kando ya Aberdare, ni mashamba ya watu binafsi, na sehemu kubwa ya nyasi zake imelimwa. Huko, kipande cha nyasi kinabaki tu mwenye shamba akiamua kukiacha cha malisho badala ya kukilima viazi, na uamuzi huo unastahili kuungwa mkono kwa fedha, si kwa maneno matupu.