Saa moja ya kiti cha meno inakugharimu shilingi ngapi?

Madaktari wenzangu wanaofungua kliniki huniuliza kwanza bei: kung'oa jino uchaji ngapi, kuziba ngapi, kutibu mzizi ngapi. Wengi huwa tayari wamepita kliniki mbili tatu za jirani, wakanakili bei na kupunguza kidogo ili wapate wateja. Mimi huwarudisha nyuma kwenye swali jingine: kiti chako kinakula shilingi ngapi kwa saa, awe amekalia mgonjwa au hakuna mtu?

Chukua mfano wa kliniki ya kiti kimoja Dar es Salaam. Tuseme kodi ya pango, mishahara (pamoja na wa kwako wewe daktari, usijisahau), umeme, maji, mafuta ya jenereta, ada za leseni, kuzoa taka za kitabibu na fungu la matengenezo vinafika shilingi 12,000,000 kwa mwezi. Ukifungua saa 8 kwa siku 25, una saa 200, yaani shilingi 60,000 kwa saa. Lakini angalia daftari la miadi. Kama saa ambazo mgonjwa yuko kitini ni 120 tu, gharama halisi ni 100,000 kwa saa. Matibabu ya mzizi yanayokula saa mbili kwa mahudhurio mawili yamekwishakula 200,000 kabla hujahesabu sindano ya ganzi, faili za kusafishia mzizi na dawa ya kuuziba. Ukiyauza 150,000 kwa sababu jirani anauza hivyo, unamlipia mgonjwa kutoka mfukoni mwako.

Hesabu hii naipenda kwa sababu inaonyesha pa kushika. Saa zilizotumika zikipanda kutoka 120 hadi 150, gharama inashuka hadi 80,000 bila kumwongezea mgonjwa hata shilingi. Kwa hiyo adui mkubwa wa kliniki ni kiti kitupu. Mtu wa mapokezi apige simu siku moja kabla ya miadi. Ujumbe wa WhatsApp unasaidia, ila sauti ya mtu inamleta mgonjwa zaidi. Jumamosi fungua, maana mfanyakazi haombi ruhusa kwa jino lisilouma. Na weka orodha ya walio tayari kuja wakiitwa ghafla.

Sehemu nyingine inayopoteza saa ni vifaa, na hapa biashara na usalama wa mgonjwa ni kitu kimoja. Otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa moto, hutakasa kwa nyuzi joto 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15, lakini ukijumlisha kupasha moto na kukausha, mzunguko mzima unaweza kukaribia saa nzima. Kliniki yenye hendipisi (kile kishikio chenye keekee ya kuchimbia jino) mbili tu itafika saa tano asubuhi zote ziko ndani ya otoklevu na wagonjwa watatu wako kwenye benchi. Hapo ndipo kishawishi cha kuifuta hendipisi kwa spiriti na kuendelea kinapoingia. Kufuta hakutakasi: mate na damu huingia ndani ya hendipisi yenyewe. Nunua hendipisi za kutosha kwa wagonjwa wa nusu siku kabla hujanunua televisheni ya mapokezi. Zipakwe mafuta kila mara kabla ya kuingia kwenye otoklevu, na tenki la kompresa, mashine ya kusukuma hewa inayoendesha hendipisi, litolewe maji kila jioni. Mafundi wa vifaa hivi ni wachache, na kumsubiri mmoja kwa wiki moja ni saa nyingi mno za kiti.

Kwenye stoo, nunua kidogo kidogo. Kompositi (ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino) na ganzi vina tarehe ya mwisho, na punguzo la boksi kumi halina faida kama manne utayatupa.

Vibali nitasema kwa ufupi: usajili wa daktari upo Baraza la Madaktari Tanganyika, na mashine ya eksirei inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Anza kufuatilia kabla hujalipia pango, la sivyo utakuwa unalipa kodi ya chumba kisichofanya kazi.

Sasa fedha inavyoingia. Mgonjwa wa bima hutibiwa leo na malipo huja baadaye, ilhali muuza vifaa anataka chake leo. Sahihi moja ikikosekana kwenye fomu, dai linakataliwa na kazi yako imekwenda bure. Mpe mtu mmoja jukumu la kukagua kila fomu kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, na uwe na akiba ya kuendesha kliniki angalau miezi miwili bila hela ya bima.

Kwa wasio na bima, ruhusu kulipa kwa awamu. Watu wetu wengi huja jino limeshaoza hadi kwenye mshipa, na wanaomba ling'olewe kwa sababu ndiyo bei wanayoiweza siku hiyo. Jino linaloweza kuokolewa linaondoka kwa kukosa mpangilio wa malipo tu. Gawa matibabu ya mzizi kulingana na mahudhurio, alipe kila hudhurio kwa simu. Kwa kofia ya jino (ganda bandia linalofunika jino zima) au meno bandia chukua malipo ya awali yanayotosha gharama ya maabara inayovitengeneza, kwa kuwa maabara haikukopeshi.

Jambo moja nalipinga waziwazi: kumlipa daktari uliyemwajiri asilimia ya kila kazi anayofanya. Kijana mwenye kodi ya nyumba ya kulipa ataanza kuona kofia kwenye meno yanayohitaji kuzibwa tu. Mlipe mshahara unaoeleweka, kisha bonasi itokane na mapato ya kliniki nzima, na kila baada ya miezi mitatu kaeni pamoja mpitie picha za eksirei na mafaili ya wagonjwa, ikiwemo ya kwako.