Maharage ya Mbeya na mkaa unaopotea

Juni iliyopita, baridi ya Uyole ikiwa imeshika kweli, mama mmoja aliyehamia kutoka Kyela aliniita nimkagulie jiko lake la mkaa. Aliamini limeharibika. "Fundi, kule kwetu maharage yanaiva mkaa bado upo. Huku naongeza mara mbili na bado yanagonga meno."

Jiko lilikuwa zima. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota kwa fujo, kikasoma nyuzi 94.

Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kule huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Sisi wa Mbeya tuko mita 1,700 na zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka mapema yakiwa bado hayajapata joto la kutosha. Iringa mjini hali ni karibu hiyohiyo. Ndiyo maana maharage yanachelewa, na hakuna jiko la kulaumiwa.

Mkaa unapotea pale tunapojaribu kushindana na jambo hili kwa moto. Maji yakishachemka hayaongezeki joto tena, hata upepee jiko mpaka makaa yawe meupe. Moto wote wa ziada unageuka mvuke, na mvuke ni ghali mno. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 94 kunahitaji kilojuli 310 hivi. Kuikausha lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunahitaji kama 2,260, zaidi ya mara saba. Maharage yanayotokota polepole chini ya mfuniko yanaiva kwa muda uleule na yanayorukaruka sufuria ikiwa wazi. Kila ninapoona kuta za jikoni zinatiririka maji, naumia, maana najua gunia la mkaa limepanda bei kiasi gani.

Kwa hiyo nilimwambia mama aloweke usiku kucha, amwage yale maji, afunike, na sufuria ikichemka tu afunge kimlango cha hewa cha jiko. Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, mimi siyashauri.

Mwenye uwezo anunue presha kuka. Inafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, maji yanavuka nyuzi 110 bila kujali uko mlimani au pwani. Kwa nyanda za juu sijaona chombo kinachotufaa zaidi. Ya umeme inaogopwa kwa sababu ya LUKU, lakini nyingi ni za wati 1,000 hivi: hata ikivuta saa nzima bila kupumzika ni yuniti moja, na kwa kawaida hupumzika sana presha ikishajaa. Safisha tundu la mvuke na uangalie mpira wa mfuniko kila mara.

Wengine huipua sufuria ikiwa inachemka na kuifukia kwenye kikapu kilichojazwa matambara au maranda, chakula kiendelee kuiva kwa joto lake chenyewe, nacho ni kizuri. Lakini maharage, hasa mekundu, lazima kwanza yachemke sawasawa motoni dakika 10 au zaidi, kwani yana sumu ambayo joto la chini haliiui.

Kinachonisumbua zaidi ni majiko ya shule. Nimeona sufuria za makande, kubwa kama pipa, zikichemka wazi tangu alfajiri juu ya magogo, na mfuniko haujawahi kutengenezwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila gesi nayo, hapa Mbeya, itachemsha maji kwa nyuzi 94 zilezile, na mtungi utaisha haraka juu ya sufuria iliyo wazi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata mfuniko wa bati kwa siku moja. Shule ianze na huo wakati ikisubiri gesi.