Kushuka kreta ya Ngorongoro na watoto wadogo: dhana potofu na ukweli

Familia nyingi zinazopiga kambi Ngorongoro hulala kwenye kambi ya Simba A, ukingoni mwa kreta, kisha hutenga siku moja ya kushuka kreta. Siku hiyo huharibika kwa urahisi mkiwa na watoto wa chini ya miaka sita, na mara nyingi chanzo ni mambo ambayo wazazi waliyaamini kabla ya kuondoka nyumbani.

Dhana: Kwetu ni joto, sweta moja inatosha.

Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu wa alfajiri hulowesha hema na nguo zilizoanikwa. Sakafu ya kreta iko mita 600 hivi chini yake, na ifikapo saa sita mchana mtoto aliyekuwa akitetemeka anatokwa jasho. Mvishe tabaka kwa tabaka: fulana, sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu na soksi, kisha mpunguzie moja moja mnavyoshuka. Akiachwa na koti zito hadi saa nne, fulana hulowa jasho, na unyevu huo ndio unaompa baridi mkirudi juu. Beba fulana moja kavu ya ziada, na kofia pana ya jua: paa la gari likiinuliwa, jua la mwinuko huunguza hata kukiwa na upepo wa baridi.

Dhana: Tumeshalipia, kwa hiyo tukae mpaka jioni.

Saa kumi na mbili jioni ni mwisho wa magari kuwa yametoka, wala hakuna anayewalazimisha kuingoja. Mtoto mdogo huwa na hamu kwa saa tatu au nne. Shukeni kabla ya saa moja asubuhi, simba na fisi wakiwa bado wanatembea, mle mapema, kisha mpande kati ya saa sita na saa saba. Mchana simba hulala tu kwenye nyasi, na mtoto haoni chochote. Usingizi wa mchana utamkuta njiani kwenda kambini, mahali panapofaa.

Dhana: Kreta ina wanyama wote.

Twiga hawamo. Tembo mnaowakuta sakafuni kwa kawaida ni madume makubwa, kwa hiyo msimwahidi mtoto kuona ndama wa tembo. Mwambieni mapema atakachokiona: nyumbu, pundamilia, nyati, viboko, flamingo wa ziwa Magadi, na kwa bahati faru mweusi akiwa mbali. Hapo darubini inasaidia, ila mtoto wa miaka mitatu hawezi kuilenga. Twiga mtafuteni nje ya kreta, kwenye migunga ya kuelekea Olduvai.

Dhana: Akibanwa haja, tutasimama kidogo.

Hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa kwenye vituo vya mapumziko, kama Ngoitokitok, ambako pia kuna vyoo. Katikati ya vituo hivyo mnaweza kukaa zaidi ya saa moja. Bebeni poti na ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana kwa ajili ya nepi chafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, msiitegemee. Usimnyime mtoto maji ili asikojoe: vumbi na jua humkausha haraka. Pangeni lita moja kwa kila mtoto, anywe kidogo kidogo.

Dhana: Ngoitokitok ni mahali pa kutandika mkeka na kula.

Mwewe wa hapo wamezoea watu. Hushuka ghafla kutoka nyuma na kunyakua chakula mkononi, na kucha zao huchana vidole na uso. Mtoto aliyeshika paja la kuku ndiye shabaha rahisi kuliko wote. Leni ndani ya gari, paa na madirisha yakiwa yamefungwa, kisha shukeni mkiwa mikono mitupu. Msisogelee ukingo wa bwawa, lina viboko.

Dhana: Akisimama juu ya kiti ataona vizuri.

Asimame gari likiwa limesimama tu, huku mtu mzima amemshika kiunoni. Dereva akifunga breki kwa ajili ya pundamilia, meno hugonga chuma cha paa. Kwenye kona za kushuka afungwe mkanda na atazame mbali nje. Simu na picha za kupaka rangi huleta kichefuchefu, na kunywa maziwa mengi kabla ya kuondoka huongeza.

Dhana: Juu hakuna mbu, malaria tusahau.

Ukingoni hatari ni ndogo kweli, lakini njiani mmepita mji mdogo wa Mto wa Mbu, ulio chini, na huenda mmelala huko. Malaria kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia siku saba baada ya kuumwa na mbu. Homa yoyote ya mtoto baada ya kurudi nyumbani ipimwe siku hiyohiyo.

Dhana: Biskuti za usiku zikae hemani.

Simba A haina uzio. Nguruwe pori hufuata harufu na kuchana hema, na tembo huja kunywa maji kambini. Chakula chote, hata ganda la ndizi na chupa ya uji, kilale garini au jikoni. Poti ikae mlangoni mwa hema kwa ndani, ili asiwepo mtoto wa kutembezwa gizani kwenda chooni.