Wakili wa Springfield Aliyerudisha Dola 10

Vijana wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwangu wanamjua Abraham Lincoln kama rais wa 16 wa Marekani, basi. Mimi nampenda kwa kazi aliyoifanya kabla ya hapo: karibu miaka 25 ya uwakili katika jimbo la Illinois, hasa mjini Springfield, kuanzia alipopata leseni mwaka 1836. Na nikitaka kumweleza, naanza na barua fupi aliyoiandika Februari 1856.

Mteja mmoja wa mji wa Quincy alimwomba aandae mkataba wa kupangisha hoteli, akamtumia dola 25. Lincoln akamjibu kwamba bila shaka anamdhania wakili wa bei ghali, kwamba anaigawa sana pesa yake, na kazi ile inatosha dola 15. Dola 10 akazirudisha pamoja na barua hiyo. Angalia alivyofanya: amemrudishia mtu pesa bila kumfanya ajione mjinga, kwa sababu amemchekesha kwanza. Nimesoma barua nyingi za mawakili kuhusu ada, yaani hesabu ya malipo yetu, na sijaona nyingine yenye moyo kama huo.

Alikuwa na mswada wa maneno ya kuwaambia wanasheria. Wazuieni watu kushtakiana, aliandika. Washawishini majirani wapatane, na waonyesheni kwamba mshindi wa kesi mara nyingi ndiye aliyepoteza, kwa ada, gharama na muda. Kazi yangu kubwa ni migogoro ya mirathi na mipaka ya viwanja, nami nakiri maneno hayo ni kweli tupu. Ndugu wawili wakija kwangu, kabla sijafungua jalada nawauliza: mmeshakaa kikao cha ukoo? Wengine huondoka wamenuna. Wengine hurudi baada ya wiki kuniaga, wamekwisha yamaliza nyumbani.

Usidhani upole huo ulimfanya dhaifu mahakamani. Mei 1858, huko Beardstown, alimtetea kijana Duff Armstrong aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi mkuu, Charles Allen, alisema aliona pigo usiku, yapata saa tano, kwa mwanga wa mbalamwezi iliyokuwa juu angani. Lincoln akamdodosa taratibu, akamwacha arudie habari ya mwezi tena na tena mpaka akajifunga mwenyewe. Ndipo akatoa almanaka, kitabu cha kalenda kinachoonyesha nyakati za mwezi: usiku ule wa Agosti 29, 1857, saa ile mwezi ulikuwa chini, unakaribia kuzama. Sisi mawakili tunaliita hili jambo ambalo mahakama inalitambua bila kuletewa ushahidi. Mwendo wa mwezi hauhitaji shahidi wa kuapa. Kijana akaachiwa. Mama yake, Hannah, mjane, alikuwa amemlisha Lincoln na kumshonea nguo enzi za umaskini wake katika kijiji cha New Salem. Hakumtoza hata senti.

Lipo linaloniuma. Mwaka 1847 alimwakilisha Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky, aliyetaka kumrudisha utumwani Jane Bryant na watoto wake. Alishindwa, na mama yule akapata uhuru wake. Nafurahi alishindwa. Sitaki kumkumbuka mtu kwa kumfuta nusu yake.

Nyumbani alikuwa baba asiyejua kufoka. Jumapili aliwaleta wanawe Willie na Tad ofisini, wakaangusha vitabu, wakamwaga wino, wakatawanya karatasi, naye anaendelea kusoma tu. William Herndon, mshirika wake, aliandika baadaye kwamba alitamani kuwanyonga shingo, akanyamaza kwa kumheshimu baba yao. Sidhani Herndon alilielewa jambo zima. Mwaka 1850 Lincoln alikuwa amemzika Eddie, mwanawe wa pili, ambaye hakufikisha hata miaka minne. Tena kila mwaka, majira ya kuchipua na ya mapukutiko, alikaa wiki nyingi safarini akifuata mahakama wilaya kwa wilaya. Robert, kifungua mimba, alikumbuka zaidi baba akifunga mizigo ya farasi. Mtu aliyezika mtoto, na anayewaona waliobaki kwa vipande, wino sakafuni ni kitu gani kwake?

Karatasi zake nyingine alizibeba ndani ya kofia. Mezani alikuwa na bahasha nene aliyoiandika juu: ukikosa kwingine kote, tazama humu.

Februari 1861, siku moja kabla ya kwenda Washington kuwa rais, alipita ofisini kuagana na Herndon. Chini ya ngazi kilining'inia kibao chao, bawaba zimeota kutu. Akamwambia akiache palepale: akiwa hai atarudi, na wataendelea na uwakili kana kwamba hakuna kilichotokea.