Saa ya kwanza ni ya walioko shuleni

Muhula uliopita, katika shule moja ya bweni huku pwani ya Kenya, nilimwomba mlezi wa bweni la wasichana anifungulie mlango wa dharura. Ilikuwa saa 2 usiku, na kwa makubaliano na mwalimu mkuu tulikuwa tumezima taa zote za jengo. Mama yule, mtu makini aliyelea mabinti wa watu kwa miaka 18, alitoa mfukoni shada la funguo zaidi ya 20 akaanza kuujaribu mmoja baada ya mwingine kwa mwanga wa simu. Kufuli lilipoachia, saa yangu ilionyesha dakika nne na sekunde kumi. Alinitazama, funguo zikiwa bado zinatikisika mkononi mwake, akaniuliza, “Mwalimu, na ingekuwa kweli?”

Kazi yangu ni kukagua usalama wa shule na kuwafunza walimu, walinzi na askari wa vituo vya karibu namna ya kushirikiana siku ya hatari. Kila ninapokwenda naulizwa swali lile lile: polisi wetu wako tayari kukabiliana na watu wenye silaha wakivamia shule? Mimi huanza kwa kuuliza habari ya muda. Utayari wa polisi ni jambo moja saa nane baada ya risasi ya kwanza, na ni jambo jingine kabisa katika dakika 20 za mwanzo, ambapo shuleni hakuna mwingine ila mlinzi wa geti, walimu wa zamu, mlezi wa bweni na pengine askari wawili wa doria. Shule zetu nyingi zimejiandaa kwa kumsubiri mtu ambaye hawezi kufika kwa wakati, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mfano mzito zaidi tulio nao ni Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015, yapata saa 11:30 alfajiri, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, wakawapiga risasi walinzi getini, wakawashambulia wanafunzi waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi, kisha wakaelekea mabwenini. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Al-Shabaab walidai kuhusika. Tahadhari hazikukosekana, maana siku chache kabla Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za mpango wa kushambulia chuo. Wanajeshi wa kambi iliyo mjini Garissa na polisi wa hapo walifika mapema, wakauzingira uwanja na kuwaokoa wengi, lakini kuingia ndani ya bweni lenye mateka kulihitaji Recce, kikosi maalumu cha polisi kilicho chini ya GSU, nacho kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Kikosi hicho kilifika Garissa mchana. Kilipoingia bwenini jioni, shughuli iliisha kwa muda mfupi mno. Kila mwalimu anayeisoma habari hii aitazame ile nafasi iliyo kati ya alfajiri na jioni, kwa sababu humo ndimo watoto wetu walimokufa.

Lawama kuhusu kuchelewa kwa ndege na magari ya kukisafirisha kikosi kile zilisemwa sana, na zilistahili kusemwa. Hata hivyo, tukiipunguza safari ya Recce mpaka saa mbili, jambo ambalo kwa umbali ule lingekuwa mafanikio makubwa, bado tungebaki na saa mbili za wanafunzi na watu wenye bunduki.

Haki inanilazimisha nikiri kwamba Kenya imejifunza. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, polisi na wanajeshi waliingia jengo moja bila amri moja, wakafikia hatua ya kupigana risasi wenyewe kwa wenyewe, na kamanda wa Recce akapoteza maisha. Miaka mitano na ushee baadaye, Januari 2019, jengo la hoteli na ofisi la DusitD2 liliposhambuliwa hapo hapo Nairobi, vikosi vilifika haraka, vikaingia bila kusubiri na kutoa nje mamia ya watu wakiwa hai, ingawa watu 21 waliuawa. Tofauti ile ni ya kweli, nami huwapongeza askari ninaokutana nao waliokuwa pale. Lakini mashambulio yote mawili yalikuwa Nairobi. Mafunzo yaliyoboresha mwitikio wa jijini hayajaufupisha umbali wa kufika sehemu za mbali kama Hola, Ijara, Mandera na Kiunga.

Kwa hiyo nageukia kituo cha polisi cha kawaida, kile chenye askari wachache, bunduki chache na gari moja. Mwaka jana nilikaa na mkuu wa kituo mmoja ambaye eneo lake lina shule sita za bweni. Alinipokea kwa heshima, akaniambia wazi kwamba gari lake lilikuwa na mafuta ya kufika shule mbili tu kati ya hizo na kurudi. Nilimwuliza ameingia mara ngapi katika shule iliyo karibu zaidi. Akafikiri, akajibu, “Mara moja, siku ya kutoa zawadi.” Alijua ukumbi na uwanja wa mpira. Hakujua bweni la wavulana liko upande gani, hakujua kwamba jiko lina mlango unaotokea shambani, wala kwamba uzio wa nyuma umebomoka na wanafunzi huutumia kwenda dukani. Simlaumu hata kidogo, kwani hakuna aliyewahi kumpelekea ramani.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolidai katika kila shule halina gharama: mwalimu mkuu achore ramani ya shule kwenye karatasi, majengo yapewe namba, namba hizo zipakwe rangi ukutani kwa maandishi makubwa, na nakala ipelekwe kituoni kwa mkono na kubandikwa palipo na simu. Anayepiga 999 au 112 aweze kusema “risasi zinasikika bweni namba 4” na askari ajue ni wapi hata kama hajawahi kukanyaga hapo. Kisha askari waalikwe shuleni angalau mara moja kila muhula, wapite milango yote, wajuane na mlinzi kwa jina na sura. Mlinzi ambaye ana namba ya mkuu wa kituo kwenye simu yake, na anayejua kwamba atapokelewa bila kukaripiwa hata akikosea, atapiga mapema. Mlinzi anayeogopa kuonekana mjinga atasubiri ahakikishe kwanza.

Nikirudi kwenye mlango wa yule mama, hapa ndipo kazi yangu ni ngumu kuliko kwingine kote, na sipendi wanaolirahisisha suala hili. Baada ya Garissa, bodi nyingi za shule ziliitikia kwa chuma. Ziliongeza kufuli, nondo za madirishani na mageti ya ndani ya mabweni. Wazazi walifarijika kuviona. Lakini nchi hii imewazika watoto wengi kwa sababu ya milango isiyofunguka. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2017 wasichana walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, na Septemba 2024 wavulana 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa viwango vya usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo, na unasema hivyo kwa sababu ya makaburi hayo.

Jirani zetu wa Uganda walionyeshwa hatari zote mbili usiku mmoja. Juni 2023, wapiganaji wa ADF, kundi la waasi wenye asili ya Uganda walioweka ngome Kongo, walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Wavulana walijifungia bwenini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na washambuliaji wakalichoma bweni lile. Waliouawa walipita 40, wengi wao wanafunzi. Tangu siku ile siwezi tena kumwambia mwalimu “jifungieni” nikanyamaza hapo. Ninachokisema ni kwamba kila chumba cha kulala kiwe na milango miwili inayotazama pande tofauti, kila mmoja uwe na komeo la ndani ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza kulifungua gizani bila ufunguo, na anayelala karibu nao awe amelifungua kwa mkono wake zaidi ya mara moja. Komeo la namna hiyo humzuia aliye nje bila kumfunga aliye ndani. Fundi wa chuma wa mtaani hulitengeneza kwa siku moja.

Kuhusu kukimbia au kujificha, sitoi kanuni moja, kwa kuwa manusura wa Garissa wenyewe walipona kwa njia zote mbili. Wapo waliotoka mbio na kuruka uzio risasi ziliposikika mbali, na yupo msichana aliyetolewa kabatini akiwa hai siku mbili baada ya shambulio. Walisimulia pia kwamba washambuliaji waliwaita waliojificha watoke, na baadhi ya waliotoka waliuawa. Ninawafundisha wanafunzi wakubwa mambo mawili kutokana na hayo: anayesikia hatari ikiwa mbali na ana njia, aondoke papo hapo bila kurudia begi wala viatu, na aliyejificha asitoke kwa sauti ya mtu asiyemjua, hata akijiita askari, mpaka asikie mwalimu wake au neno ambalo shule na kituo cha polisi wamekubaliana. Neno hilo libadilishwe kila muhula.

Nalisema jambo la mazoezi kwa uzito wa pekee, kwa sababu zoezi baya huua. Siku kumi tu baada ya Garissa, mtambo wa umeme ulilipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba ya mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la kuigiza shambulio, milio ya risasi ikasikika, watu wengi wakaamini ni kweli, wakajirusha madirishani. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha. Mpaka leo bado nakutana na walimu wakuu wanaotaka “kuwapima watoto” kwa kuwashtukiza, na mara mbili nimekataa kazi kwa sababu hiyo. Zoezi litangazwe wiki moja kabla, wazazi waandikiwe barua, majirani na chifu waarifiwe, na pasiwepo mlio wa bunduki wala mtu aliyefunika uso. Linafanywa polepole, kwa kutembea, kama watoto wa chekechea wanavyofunzwa kuvuka barabara. Mwili ukishaijua njia, hofu haitaufanya uisahau.

Walimu nao wana kilio chao ambacho sisi wataalamu hukipita haraka. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya matukio hayo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa au walikataa kurudi Kaskazini Mashariki, na madarasa yakabaki na watoto bila mtu wa kuwafundisha. Mpango wa usalama unaolinda geti la shule na kumsahau mwalimu katika nyumba yake ya kupanga, au katika matatu ya alfajiri, haujamlinda mwanafunzi.

Liko jambo la mwisho ambalo hukaguliwa mara chache, nalo ni damu. Mtu aliyepigwa risasi mguuni au mkononi anaweza kufa kwa kutokwa na damu katika dakika chache, na gari la wagonjwa halitaingia mpaka askari waruhusu. Anayeweza kumwokoa ni aliye kando yake. Naomba kila shule iwafunze walimu wote na wanafunzi wa vidato vya juu kukandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, na, damu ya mkono au mguu isipokoma, kufunga mkanda mpana kati ya jeraha na kiwiliwili. Mafunzo hayo huchukua nusu siku, na yatatumika pia siku ya ajali ya barabarani au ya panga la shambani.

Nilirudi katika shule ile ya pwani wiki tatu baadaye. Kufuli lilikuwa limeondolewa na komeo la chuma limewekwa mahali pake, limepakwa rangi nyeupe ili lionekane gizani. Tulizima taa tena. Msichana wa kidato cha kwanza anayelala kitanda cha karibu aliinuka, akapapasa ukuta, akafungua mlango kwa sekunde sita, na mlezi wake akapiga makofi peke yake kwenye giza. Mkuu wa kituo alikuwepo safari hii, ameshika ramani yake. Uzio wa nyuma bado haujazibwa. Fedha zake zimeombwa kwenye bajeti ya muhula ujao, nami nimemwandikia mwenyekiti wa bodi barua ya pili.